Kupishana Kwenye Mraba wa Njano

7 Septemba, Jumapili

Rowland amekaa jikoni asubuhi nzima akijifanya anasikiliza redio. Hakwenda kijiji cha jirani, Upper Snaithe, kupiga kengele za kanisa, na tangu tuoane sikumbuki Jumapili aliyokosa akiwa mzima. Mwezi uliopita daktari wa macho alimwambia arudishe leseni ya udereva. Aliirudisha siku hiyo hiyo, tena na barua ya kushukuru. Sisi watu wa hapa, ukitunyang'anya mkate tutakuuliza kama unataka na siagi.

Kupiga kengele hakutaki macho makali. Kamba sita, watu sita, kila mmoja na kamba yake, na ya Rowland ni ya tano. Shida ni kufika, maana Jumapili hakuna basi. Tranter, mkuu wa wapigaji, alikuja kumchukua kwa gari mara mbili, na mara zote mbili mume wangu alirudi na aibu kwamba kasumbua mtu. Leo kamwambia ana mafua. Hana mafua.

"Basi nitakupeleka mimi," nikamwambia.

Akacheka. Nina miaka sitini na mitatu na sijawahi kushika usukani. Kazi yangu garini ilikuwa kukaa kushoto na kumfundisha yeye kuendesha.

"Wewe?"

"Mimi. Kwani unanionaje?"

"Sikuoni vizuri, mama, ndiyo maana tumefika hapa."

Tukacheka wote wawili, lakini mimi nilikuwa nimeshaamua.

9 Septemba

Somo la kwanza. Mwalimu wangu ni Jasvinder Dhanoa, Jas kwa kifupi, msichana mfupi, mkali, anayetafuna karanga kazini. Gari limezimika mikononi mwangu kila lilipopata nafasi ya kuzimika. Wakati wa kuegesha niligusa mlingoti wa taa.

"Mama Thelma," akasema, "umeuomba radhi mlingoti?"

"Ni mazoea tu, mwalimu."

"Tuna kazi kubwa mimi na wewe."

12 Septemba

Mvua. Klachi. Goti linauma.

18 Septemba

Halmashauri imefunga kamera njia panda ya Posta, juu ya ule mraba wa njano wenye mistari uliochorwa barabarani. Sheria ya mraba ni moja: usiingie kama upande wa pili hakuna nafasi yako ya kutokea. Zamani kulisimamia hilo ilikuwa kazi ya polisi, na polisi walikuwa na shughuli nyingine. Sasa halmashauri imepewa meno, na inatutolea meno hayo sisi watu wa Kettlesby.

Aliyelipigania jambo hili ni jirani yetu, Diwani Audrey Hesketh. Nilimkuta akiipiga picha kamera yake mpya kama bibi aliyepata mjukuu.

"Nzuri, eh?" akaniuliza.

"Nzuri sana, Mheshimiwa," nikamjibu, na moyoni nikamwita jina ambalo sitaliandika.

24 Septemba

Nimepika jamu ya plamu, chupa kumi na nne. Rowland kabandika vibandiko vyote juu chini. Nimeviacha hivyo hivyo.

30 Septemba

Tranter amepiga simu. Alizunguka sana, akaulizia mafua, akasifu hali ya hewa, ndipo akalitoa neno lake. Kengele tano hazipendezi, na Krismasi kanisa hujaa. Kama Rowland hatakuwa amerudi kufikia Krismasi, kamba ya tano watampa mtu mwingine moja kwa moja. Kuna daktari wa meno, Bwana Fairclough, mgeni kutoka London, ambaye ataanza kujifunza kwa muda.

Rowland akamjibu, "Bila shaka, ni haki kabisa, asanteni kwa kunifikiria." Kisha akaenda bustanini, akasimama kwa muda mrefu sana kati ya maharage yaliyokauka.

Krismasi. Haya.

8 Oktoba

Leo nimeingia kwenye mraba kwa mara ya kwanza, na niandike vizuri jinsi ilivyokuwa, maana Jas ananiambia nimelaaniwa.

Taa ilikuwa ya kijani. Upande wa pili palikuwa na nafasi ya gari moja, nafasi yangu mwenyewe, safi. Nikaingia. Pembeni, kwenye kichochoro cha benki, kulikuwa na mzee mwenye gari dogo la bluu aliyekuwa akisubiri kwa sura ya huruma. Nikasimama katikati ya mraba, nikamwashia taa, nikampungia mkono: tafadhali, tangulia. Akatangulia. Akaichukua ile nafasi yangu. Mimi nikabaki katikati ya njano kama yai lililokaangwa, taa ikageuka nyekundu, na magari ya pande zote yakaanza kunizunguka. Yule mzee alinipungia mkono wa shukrani. Mwanamke niliyemzibia njia naye akanipungia kwamba si neno.

"Mama," Jas akasema taratibu, "umegawa njia yako ya kutokea."

"Alikuwa amesubiri sana."

"Na sisi je? Si tunasubiri sasa, chini ya kamera?"

Nikaitazama kamera. Aibu ikanifanya niitabasamie.

16 Oktoba

Jas kapokea barua ya halmashauri, kwa kuwa gari ni lake. Wameandika kwamba kosa la kwanza ni onyo tu. Ndani kuna picha: mimi, mkono juu, meno yote nje. Jas ameibandika kwenye jokofu la mama yake.

"Mama yangu anasema unaonekana mtu mzuri sana," akaniambia. "Nikamwambia hilo ndilo tatizo lake."

17 Oktoba

Mvua kutwa.

23 Oktoba, Alhamisi

Mkutano wa hadhara ukumbi wa kanisa, kuhusu kamera. Sijaona mji huu ukikasirika hivi tangu walipobadilisha saa za soko. Watu walikasirika wakiwa kwenye foleni ya chai, na kila mmoja alimpisha mwenzake mbele ya birika.

Muuza samaki wa Mtaa wa Corn ndiye aliyeanza. "Nilimpisha mama mwenye kigari cha mtoto! Hilo nalo ni kosa?" Mwalimu mkuu mstaafu alikuwa amepisha basi. Msusi alimpisha muuza samaki. Mtu mmoja nyuma kabisa aliomba radhi kwa kuingilia, kisha akasema kwamba yeye alimpisha bata.

Halmashauri ilimleta mama mmoja mwenye miwani shingoni, ambaye kazi yake ni kutazama kila picha kabla barua haijatumwa. Alisimama akatutazama.

"Ndugu zangu," akasema, "nimefanya kazi hii miji mitatu. Kwingine nafungua picha, naona watu wanatukanana. Hapa kila picha dereva anatabasamu na mkono uko juu. Sijawahi kuona watu wanavunja sheria kwa adabu namna hii."

Ukumbi ukaangua kicheko, hata waliokuja kugombana. Nami nikasimama, maana nilikuwa nimejiandaa nyumbani mbele ya kioo.

"Mheshimiwa Diwani," nikamwambia Audrey, "kamera yako haioni adabu."

"Haioni, Thelma," akajibu. "Inaona magari yaliyokwama."

Nusu ya watu wakapiga makofi kwangu na nusu kwake, na baadhi, nina hakika, walitupigia wote wawili ili asijisikie vibaya mtu. Nilirudi kwenye kiti nikiwa nimechemka. Mwisho wa mkutano sahani ilikuwa imebaki na biskuti moja. "Chukua wewe." "Hapana, chukua wewe." Tulipofunga ukumbi biskuti ilikuwa bado pale.

Audrey Hesketh simpendi.

26 Oktoba

Saa zimerudishwa nyuma kwa ajili ya majira ya baridi. Giza linaingia kabla ya chai ya jioni. Nimeendesha kwenye giza na sikumgonga mtu.

5 Novemba

Usiku wa mioto na mafataki uwanjani, desturi ya hapa. Soseji zimeungua nje na mbichi ndani, kama kila mwaka. Jas alikuja na mama yake, ambaye alinishika mikono yote miwili akasema, "Ni yeye! Wa kwenye jokofu!"

11 Novemba, Jumanne

Jumanne ni siku ya mazoezi ya kengele, na jioni hii upepo ulitoka upande wa Snaithe. Rowland alifungua dirisha la chumba cha juu, baridi yote ikaingia. Nilipanda na blanketi nikamkuta amesimama, mikono yake ikivuta kamba ambayo haipo.

"Wa tano anachelewa," akasema. "Kila raundi. Si mbaya, lakini anaogopa kengele yake."

"Ijumaa nina mtihani," nikamwambia.

"Najua. Nimezihesabu siku kuliko wewe."

Sikuwahi kufikiri kwamba anazihesabu. Nilidhani amenyamaza kwa sababu amekata tamaa, kumbe amenyamaza asinitishe. Nimempenda upya, mzee huyu, na pua yake nyekundu dirishani.

14 Novemba, Ijumaa

Nimefeli.

Mtahini alikuwa bwana mwembamba asiyesema zaidi ya kushoto na kulia. Nusu saa nzima nilikwenda vizuri: kiplefti, mlima, kurudi nyuma. Kisha njia panda ya Posta. Nikangoja kwenye mstari mpaka nafasi ikapatikana, kama Jas alivyonifundisha, nikaingia. Kichochoro cha benki kikatoa kigari cha maua, dereva msichana, macho kama ya ndama. Naapa mguu wangu ulikanyaga breki peke yake. Mkono nao ukapanda peke yake.

Akaingia yeye. Nikakwama mimi. Na hapo ndipo niliposikia king'ora.

Gari la wagonjwa lilikuwa linatoka Mtaa wa Corn, na mimi ndiye niliyekuwa kifuniko cha chupa. Sikuwa na pa kwenda. Mbele gari, nyuma gari. Kila mtu akaanza kumpisha mwenzake asogee, wakapungiana mikono madirishani, na hakuna aliyesogea kwa sababu kila mmoja alikuwa anasubiri mwenzake aanze. Ile taa ya bluu ikawa inazunguka usoni kwangu. Sijui ilikuwa muda gani. Mwisho dereva wa lori akapanda juu ya ukingo wa njia ya miguu, nikapenya, gari la wagonjwa likapita. Aliyekuwa pembeni ya dereva hakunitazama kwa hasira. Alininyooshea kidole gumba.

Mtahini akasema, "Kushoto, tafadhali." Lakini nilijua.

15 Novemba

Sitaki kuandika.

18 Novemba

Aliyegonga mlango ni Audrey Hesketh, na keki ya tufaha mikononi. Nilidhani amekuja kushangilia. Kamera yake, mraba wake, na jirani yake katikati.

Akakaa bila kuvua koti. "Nimepiga simu hospitali nikaulizia," akasema. "Ile siku ya Ijumaa. Hawakuniambia jina wala ugonjwa, na sikutaka. Waliniambia tu kwamba yule mgonjwa alifika, akatibiwa, na kesho yake alirudi nyumbani. Nikaona hujalala."

Kweli sikuwa nimelala. Siku nne nilikuwa nikimzika mtu nisiyemjua. Nikalia pale pale mezani, na Audrey, ambaye mji mzima unamsema sokoni, akanikatia keki.

"Umejuaje sijalala?"

"Taa ya jikoni kwako, Thelma. Naiona kutoka kwangu. Na mimi silali. Wananiita majina, unajua."

"Najua," nikasema. "Moja ni langu."

Akacheka mpaka makombo yakamtoka. Nilimhukumu mwanamke huyu miezi miwili kwa kosa la kuwa na haki. Keki ilikuwa kavu kidogo. Nilikula vipande vitatu.

22 Novemba

Rowland kanifundisha kuendesha gari kwa vikombe vya chai.

Alipanga vikombe sita mezani, akanipa kijiko. Yeye angegonga vyote isipokuwa cha tano, na cha tano changu. Moja, mbili, tatu, nne, nikagonga, sita. Vyema. Kisha akaanza kunichezea. Cha sita akakisogeza mapema kidogo, kama mtu mwenye haraka, na mimi, mjinga, nikaacha kugonga ili nikipishe.

"Umefanya nini?"

"Kilionekana kina haraka."

"Mama, sikiliza. Kwenye kengele hakuna tangulia wewe. Zamu yako haijafika, unangoja, hata wakikukodolea macho. Imefika, unavuta. Ukimpa mwenzako zamu yako, hujamsaidia. Umewaharibia wote sita, na yeye pia."

"Hiyo si roho mbaya?"

"Heshima si utumwa. Adabu ya mnarani ni kuwa mahali pako kwa wakati wako, ili mwenzako asihitaji kukufikiria."

Tuligonga vikombe mpaka chai ikapoa na kimoja kikapoteza mkono. Mimi ningeweza kuendelea mpaka asubuhi. Mwaka mzima sijamwona mume wangu akiamrisha kitu kwa sauti ile.

25 Novemba

Jas: "Nani kakufundisha hivi?" Nikamwambia vikombe. Kaacha kutafuna karanga.

3 Desemba

Mtu kaghairi, nimepata nafasi ya mtihani tarehe 19. Theluji kidogo, ikayeyuka kabla sijaisema vizuri.

9 Desemba

Mraba mara tano. Wamenipigia honi mara mbili, na katika Kettlesby honi ni kama kofi. Sikusogea. Rowland alikaa kiti cha nyuma akihesabu kwa sauti ya chini, moja, mbili, tatu, nne, na Jas akasema hajawahi kufundisha na kwaya ndani ya gari.

19 Desemba, Ijumaa

Mtahini yule yule. Tulisalimiana kama watu waliokutana kwenye ajali.

Pale Posta ilikuwa wazimu wa ununuzi wa Krismasi. Taa ya kijani, lakini upande wa pili basi limesimama na hakuna nafasi. Nikangoja kwenye mstari. Mbele yangu gari la mikate likaniwashia taa: njoo, njoo. Dereva wake alikuwa mnene, mwenye kofia ya Krismasi, mkono juu, mwema wa kufaa kuwa mume wa mtu. Nyuma yangu honi. Moyo wangu ulitaka kutoka kifuani umwendee yule bwana umwombe radhi. Nikampa tabasamu. Gari sikumpa.

Basi likaondoka. Nafasi ikafunguka, na nikaingia. Na kichochoro cha benki, naapa, kilikuwa na mtawa. Mtawa wa kike, mzee, shingo nje ya dirisha, akinitazama. Sijui nani alimpanga pale, kama si shetani mwenyewe.

Nne, nikasema moyoni. Tano. Nikapita.

Tuliposimama mtahini aliandika sana. Kisha akasema, "Bi Garroway, umefaulu." Akavua miwani. "Yule mtawa. Mimi nisingeweza."

Nilimkumbatia. Halafu nikamkumbatia Jas, aliyekuwa akilia na kukana kwamba analia. Nikaenda nyumbani nikampa Rowland karatasi, akaishika karibu na pua, akaisoma herufi moja moja, ingawa nilikuwa nimeshamwambia kutoka getini.

21 Desemba

Ukungu mzito, huoni mkono wako. Jas kanikataza kwa simu, na Audrey kanikataza akiwa ng'ambo ya ua wa bustani. Rowland amekataa kumpigia Tranter simu. Anataka kuwashtua. Krismasi, basi.

25 Desemba, Alhamisi

Tuliondoka kabla hakujapambazuka vizuri, mashamba meupe kwa baridi. Nilishika usukani kwa mikono miwili na Rowland akashika magoti yake kwa mikono miwili. Njia yote hakuniambia niende kushoto wala kulia, tofauti na nilivyomfanyia mimi miaka yote ile.

Tulipopanda ngazi za mnara tukawakuta watu sita wameshasimama kwenye kamba sita. Ya tano alikuwa nayo daktari wa meno, Bwana Fairclough, amevaa sweta jipya lenye picha ya kengele. Wote wakafurahi, wakamkumbatia Rowland, wakamshika mikono.

"Kamba yako, Bwana Garroway," Fairclough akasema, akaachia.

"La, la, wewe umeshajiandaa," Rowland akasema. "Mimi nimekuja kusikiliza tu."

"Siwezi kabisa. Ni yako."

"Umejifunza tangu Oktoba. Nasisitiza."

"Mimi ndiye ninayesisitiza."

Tranter akatazama viatu vyake. Wengine nao wakatazama vya Tranter. Kamba ya tano ilikuwa inaning'inia kati ya wanaume wawili wanaopungiana mikono. Kasisi akachungulia kuuliza kwa upole kama kuna tatizo, akaambiwa kwa upole kwamba hakuna. Mganga hajigangi: mtu aliyevunja kikombe changu akinifundisha zamu, amefika kwenye kamba yake mwenyewe anaigawa kama peremende. Na nilimwona usoni. Alikuwa anaitaka kamba ile kuliko chakula, na alikuwa karibu kabisa kurudi nyumbani bila kuigusa, na angeniambia njiani kwamba ndiyo vizuri zaidi.

"Rowland Garroway!" nikapiga kelele kutoka mlangoni. Sijawahi kupaza sauti kanisani. "Njia iko wazi na zamu ni yako. Ingia!"

Wote wakageuka. Rowland akasogea mbele hatua moja. Akanyoosha mkono bila kutafuta, na kamba ikawa mkononi mwake.

Nilishuka na daktari wa meno, tukasimama nje kati ya makaburi yenye baridi. Nikaanza kujisikia vibaya, nikamwambia pole kwa kupoteza nafasi yake.

"Pole ya nini, mama?" akasema. "Naiogopa kengele ile mpaka ndotoni. Tangu Oktoba namwomba Mungu mumeo arudi."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningeonekana sina adabu."

Nilikuwa bado namcheka zilipoanza. Nikamshika mkono anyamaze. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, kisha ya mume wangu, bila kuchelewa hata kidogo.